Kurudishiwa Kiungo Kilichokatwa: Ni Haki au Ni Majivuno?

Leo tunaandika juu ya jambo ambalo kwa kawaida halisemwi mbele ya watu wote. Husemwa kisimani, au jikoni wakati watoto wamelala. Lakini kwa kuwa linatesa familia, na kwa kuwa kulinyamazia kunaweza kumwua mtu, tumeona vema tulizungumze hapa kwa heshima na bila kuficha.

Jambo lenyewe ni hili. Mwanamke amepata kansa ya titi. Madaktari wamelikata titi lake ili kuokoa maisha yake, na matibabu yamekwenda vizuri. Baada ya muda anasikia kwamba kuna upasuaji mwingine unaoweza kumtengenezea titi jipya mahali pa lile lililoondolewa. Anatamani. Je, anafanya vibaya?

Wengine kati yetu husema: “Ashukuru yuko hai. Hayo mengine ni majivuno.” Wengine husema: “Kuvaa au kuwekewa titi la bandia ni kudanganya watu.” Na wengine, hasa upande wa waume, husema kinyume kabisa: “Asipotengenezwa, huyo si mke kamili tena.” Tuyapime maneno haya matatu, moja baada ya jingine. Lakini kwanza tujue tunazungumza juu ya nini, maana mtu akihukumu jambo asilolijua, hukumu yake haina uzito.

UPASUAJI WENYEWE

Kansa ya titi si ugonjwa wa Wazungu, wala si laana ya ukoo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika mwaka 2022 wanawake wapatao milioni 2.3 waligunduliwa kuwa nayo duniani, na wapatao 670,000 walikufa. Hapa Uganda, kwa wanawake, inafuata kansa ya mlango wa kizazi kwa wingi. Mwanamume naye anaweza kuipata, ingawa ni mara chache.

Ikigunduliwa mapema, mara nyingine madaktari huondoa uvimbe tu na kuliacha titi. Lakini mgonjwa wa namna hiyo kwa kawaida huhitaji pia tiba ya mionzi, na mionzi kwetu iko mbali. Wengi tunakumbuka kwamba mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi nchini Uganda, iliyokuwa Mulago Kampala, iliharibika, na mpya ikazinduliwa mwanzoni mwa 2018. Kwa sababu ya umbali huo, na kwa sababu wagonjwa hufika wamechelewa, wanawake wengi wa sehemu zetu hukatwa titi zima.

Kutengeneza titi upya si uvumbuzi wa juzi. Mwaka 1895, huko Heidelberg, Ujerumani, daktari Vincenz Czerny alichukua uvimbe wa mafuta usio na madhara mgongoni mwa mwanamke aliyeondolewa titi, akauweka kifuani pake. Tangu wakati huo njia zimeongezeka. Njia moja ni kuweka chini ya ngozi mfuko wa silikoni. Nyingine ni kuhamisha nyama, mafuta na ngozi ya mgonjwa mwenyewe kutoka tumboni au mgongoni. Kazi hii yaweza kufanywa siku ile ile titi linapokatwa, au miezi na hata miaka baadaye.

Tuseme pia lile ambalo upasuaji huu hauwezi. Titi jipya halitoi maziwa. Mara nyingi halina hisia kama la kwanza. Mfuko wa silikoni haudumu maisha yote, huenda ukahitaji kubadilishwa. Mara nyingi mgonjwa hupasuliwa zaidi ya mara moja, na kidonda chaweza kuoza kama kingine chochote. Kwa upande mwingine, wapo wanaoogopa kwamba kutengeneza titi kutaiamsha kansa. Madaktari wamelichunguza jambo hilo, nao hawakuona kwamba linaongeza hatari ya ugonjwa kurudi.

Hapa Uganda wapo madaktari wachache wa upasuaji wa kurekebisha viungo, na wengi wao wako Kampala na kandokando yake. Hospitali ya Kiruddu ina idara ya kazi hiyo. Hospitali ya CoRSU, iliyoko Kisubi kwenye barabara ya Entebbe, wengi wetu tunaijua kwa kushona watoto wenye mdomo sungura na kufungua makovu ya moto. Kutoka Bwera kwenda huko ni safari ya basi ya siku nzima, na kwa mkimbizi nauli peke yake ni mlima.

NENO LA KWANZA: “ASHUKURU YUKO HAI”

Neno hili lina ukweli ndani yake. Uhai ni zawadi ya kwanza, na mtu asiyeshukuru kwa uhai hatashukuru kwa lolote. Lakini linakosea linapotaka shukrani iwe kama kufuli mdomoni mwa mgonjwa.

Tukumbuke sisi wenyewe. Tulipovuka mto Lubiriha pale Mpondwe, wengi wetu hatukuwa na kitu ila nguo za mwilini na watoto migongoni. Siku ile uhai ulitosha, tulimshukuru Mungu tukalala chini. Siku ya pili tuliomba shitingi ya kujikinga na mvua. Siku ya tatu tuliomba sufuria. Baadaye tuliomba mbegu, shule, na mahali pa kusalia. Je, ni nani kati yetu aliyeambiwa kwamba kuomba shitingi ni kukosa shukrani kwa uhai? Kama angetokea mtu wa kutuambia hivyo, tungemwona hana utu. Mtu aliyeokoka hatari huanza tena kutamani maisha ya kawaida, na kutamani huko ni dalili kwamba kweli ameokoka.

Tutazame pia matendo ya Bwana wetu. Usiku aliokamatwa, mtumishi wa kuhani mkuu, jina lake Malko, alikatwa sikio kwa upanga. Sikio lile halikuwa lazima kwa uhai wake. Malko angeishi, angekula, angefanya kazi na hata kusikia kwa upande wa pili. Tena alikuwa amekuja pamoja na watu wa kumkamata Bwana. Hata hivyo Luka anatuambia kwamba Yesu aligusa mahali pale akaponya. Vivyo hivyo yule mtu mwenye mkono uliopooza katika sinagogi: aliishi nao siku nyingi, na angeweza kungoja mpaka sabato ipite. Bwana hakumwambia aridhike na mkono mmoja, wala hakumwambia arudi kesho.

Sisi wenyewe tunalikubali jambo hili mahali pengine. Redio ikitangaza kwamba madaktari wanashona mdomo sungura bure, tunambeba mtoto asubuhi na mapema, na hakuna anayehubiri kwamba mama yake ana majivuno. Huko kaskazini mwa Uganda, waasi wa LRA walikata watu midomo na masikio, na madaktari wakajitahidi kuwarekebisha nyuso. Nyumbani kwetu Kongo, tangu mwaka 1999 Hospitali ya Panzi, Bukavu, imetengeneza miili ya maelfu ya wanawake walioharibiwa katika vita, na daktari Denis Mukwege akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2018 kwa kupigania wanawake hao. Tulifurahi wote. Hakuna aliyesema wale mama wangeshukuru tu kwamba hawakuuawa. Ikiwa kilichoharibiwa na upanga chaweza kutengenezwa bila dhambi, kwa nini kilichokatwa na kisu cha daktari kiwe na sheria nyingine?

Majivuno ni kutaka kuwa juu ya wengine. Mama huyu hataki kuwa juu ya mtu. Anataka kuvaa kikwembe chake na kwenda sokoni bila watu kumkodolea macho kifuani.

NENO LA PILI: “NI KUDANGANYA WATU”

Uongo ni kumnyima mtu ukweli anaostahili kuujua, ili umpotoshe. Basi tuulize: ni nani anayestahili kujua hali ya kifua cha mwanamke? Daktari anastahili. Mume anastahili. Mchumba anayetaka kumwoa anastahili, na hapo tunasema wazi: binti au mjane aliyetengenezwa titi asimfiche mtu anayeingia naye katika ndoa. Afadhali uchumba uvunjike kwa ukweli kuliko nyumba ijengwe juu ya siri.

Lakini muuza nyanya wa soko la Mpondwe hana haki hiyo. Abiria wa boda hana. Hata sisi washirika wenzake kanisani hatuna. Wako ndugu zetu waliopoteza miguu vitani wakapewa miguu ya bandia. Ndugu kama huyo akiingia ibadani na suruali ndefu, nani amewahi kusema ametudanganya? Mzee aliyewekewa meno hatumwiti mnafiki anapotabasamu. Katika Mwanzo tunasoma kwamba Mungu mwenyewe aliwatengenezea Adamu na Hawa mavazi ya ngozi, ingawa alikuwa amekwisha kujua yote waliyoyatenda. Naye Paulo, alipofundisha Wakorintho juu ya kanisa, alitumia mfano wa viungo vya mwili tunavyovifunika kwa heshima, wala hakukuita kufunika huko unafiki.

Hapa tuongeze neno kwa makanisa yetu. Tunapenda ushuhuda, na ni vema. Lakini tusimlazimishe mama aliyetoka hospitali asimame mbele ya watu mia mbili aeleze alichokatwa. Ugonjwa wake ni wake. Akitaka kushuhudia, tumsikilize. Akinyamaza, tusimtangaze sisi, hata kwa jina la maombi.

NENO LA TATU: “SI MKE KAMILI TENA”

Neno hili ni baya kuliko yale mawili, maana hugeuza msaada kuwa sharti. Mwanamke anayekwenda kupasuliwa tena kwa sababu ameambiwa atafukuzwa, huyo hakuchagua.

Ndugu waume, mbuzi wa mahari hawakutolewa kwa ajili ya kifua. Tulipoahidi mbele ya kanisa kukaa pamoja katika afya na katika ugonjwa, neno ugonjwa lilikuwa na maana. Titi limenyonyesha watoto wetu, nalo lina heshima yake. Lakini mama wa watoto ni yule mtu mzima, si kiungo kimoja. Yakobo aliondoka Penieli akichechemea, na palepale ndipo alipopewa jina jipya. Bwana mwenyewe alipofufuka hakuzificha alama za misumari. Aliwaonyesha wanafunzi wake, na kwa alama hizo wakamtambua. Basi kovu si aibu, na mwanamke asiyetaka kutengenezwa hana upungufu wowote wa kufidia.

Wapo waliolitetea jambo hili kwa nguvu. Audre Lorde, mwandishi Mmarekani mweusi, alikatwa titi mwaka 1978. Alipewa kitu laini cha kujazia sidiria, akakikataa. Siku chache baadaye alipokwenda kwa daktari, muuguzi alimwambia kwamba kuja bila kukivaa kunavunja moyo pale ofisini. Katika kitabu alichochapisha mwaka 1980 alijibu kwa hoja nzito: wanawake waliokatwa titi wakifichwa wote, hawatatambuana kamwe, na kila mmoja atadhani yuko peke yake duniani.

Hoja hiyo ina kweli kubwa. Katika vijiji vyetu mwanamke aliyekatwa titi yaweza kuwa hajawahi kumwona mwingine aliyekatwa na akaishi. Hatusemi kwamba kila mmoja lazima aonyeshe kovu lake. Wala hatusemi kwamba kila mmoja alifiche. Tunasema uamuzi ni wa mwenye mwili, baada ya kushauriana na daktari na mumewe kwa upendo. Asiyetaka asisukumwe, na anayetaka asihukumiwe.

HOFU INAYOUA

Sasa tumefika mahali pa uzito. Huenda msomaji akasema: “Mchungaji, haya ya kutengeneza titi ni mambo ya matajiri. Sisi hata panadoli ni shida.” Tunalisikia neno hilo. Lakini tazameni.

Madaktari wa Uganda wamesema kwa miaka mingi kwamba wagonjwa wengi wa kansa ya titi hufika ugonjwa ukiwa katika hatua ya tatu au ya nne, wakati matibabu yamekuwa magumu sana. Umaskini ni sababu. Umbali ni sababu. Lakini iko sababu nyingine isiyoandikwa kwenye karatasi za hospitali: mwanamke ameona uvimbe, ameambiwa titi litakatwa, na moyoni mwake amesikia kwamba ndoa itakatwa pamoja nalo. Basi anakimbia. Anakwenda kwa mganga wa majani, au anafunga na kuomba mlimani miezi sita huku kidonda kinafunguka. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Mwanamke huyo hakimbii kisu tu. Anakimbia maisha anayodhani yanamngoja baada ya kisu: kuchekwa, kuachwa, kuitwa nusu mtu. Kwa hiyo yale tunayosema juu ya wanawake waliokwisha kukatwa, wanayasikia wanawake wenye uvimbe ambao bado hawajamwambia mtu. Tukimcheka mmoja leo, tunamfungia mwingine mlango wa hospitali. Tukimheshimu mmoja, tunamwambia mwingine: “Nenda, ukirudi utatukuta.”

Ndiyo maana swali letu la mwanzo si la matajiri peke yao. Hata kama hakuna hata mmoja wetu atakayepata fedha za upasuaji wa pili, namna tunavyolijibu yaweza kuamua nani atakubali ule wa kwanza.

UTARATIBU WA MAMBO

Kwa kuwa fedha ni chache, mambo yana mpangilio. Fedha za rufaa za wakimbizi hutazama kwanza kuokoa uhai, na hilo ni haki. Familia pia ifuate njia hiyo. Kwanza, uvimbe upimwe. Pili, matibabu yamalizwe yote, hata vile vidonge ambavyo wengine huvimeza kila siku kwa miaka mitano au zaidi. Asiviache kwa sababu anajisikia vizuri. Tatu, mkono wa upande uliokatwa utunzwe, maana ukiondolewa tezi za kwapani mkono huweza kuvimba. Watoto na majirani wamsaidie kubeba madumu ya maji na kuni. Baada ya hayo ndipo familia itafakari juu ya titi jipya. Mume asiuze shamba la chakula cha watoto kwa ajili hiyo, wala mke asidai hivyo. Lakini ikiwa mlango umefunguka, kwa msaada au kwa akiba, apite kwa dhamiri safi.

Kwa wengi mlango huo hautafunguka, na hapo pana njia ndogo iliyo karibu. Titi laweza kufumwa kwa uzi laini wa pamba, likajazwa vitu laini, na kuvaliwa ndani ya sidiria. Mwaka 2011 huko Marekani, mama mmoja aliyekatwa titi, Barbara Demorest, alianza kuwakusanya wafumaji wa kuyatengeneza na kuyagawa bure, na ufumaji huo umefika hata Kenya na Rwanda, ambako wanawake hufumiana wenyewe. Wamama wetu wanaofuma sweta za watoto wachanga hawashindwi na kazi hiyo. Uzi wa titi moja ni kidogo kuliko wa sweta. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini kikundi cha wamama kikikaa alasiri moja chini ya mwembe, dada aliyekuwa amejifungia nyumbani anaweza kuja kanisani Jumapili inayofuata.

Kampala, tangu mwaka 2004, kipo chama cha wanawake waliopona kansa kiitwacho UWOCASO, ambao huwatia moyo wagonjwa wenzao. Anayepelekwa Taasisi ya Kansa ya Uganda pale Mulago aulize habari zao.

Nanyi mama na dada mnaosoma haya kimya kimya: uvimbe usiouma kwenye titi au kwapani, ngozi iliyobonyea, chuchu iliyoingia ndani ghafla au inayotoa damu, msingoje. Uvimbe mwingi si kansa, lakini ni daktari wa kusema hivyo, si jirani. Hospitali ya Bwera iko karibu, Kagando ipo, na mkimbizi ana haki ya kutibiwa katika hospitali za serikali kama raia. Maombi tutayafanya, tena kwa bidii, nayo yatakusindikiza njiani kwenda hospitali.

Basi, wapendwa, jibu letu ni hili. Kutamani kurudishiwa kilichokatwa si majivuno, na kukaa bila hicho si upungufu. Dhambi iko katika kumfanya mwanamke aone haya kwa lolote kati ya hayo mawili, mpaka akachagua kufa.

Bwana awalinde, awatie nguvu wagonjwa wote, na awape waume mioyo ya uaminifu. Amina.